Samahani Zawadi, 'Jenga' si Kijapani

Msomaji mpenzi, juma hili sina budi kuanza kwa kuungama kosa. Mwenye ukurasa huu hupenda mno kuwasahihisha watu. Nyinyi wenyewe ni mashahidi. Nimewahi kuwasahihisha watangazaji, wanasiasa na hata kondakta mmoja wa matatu aliyeshikilia kwamba kampuni ya viatu ya Bata ilianzia Limuru. (Ilianzia mji wa Zlín, katika nchi inayoitwa leo Jamhuri ya Czech, mwaka 1894. Yule kondakta alinishusha kituo kimoja kabla ya changu.)

Leo zamu yangu imefika, na aliyenitoa kijasho ni binti ya kaka yangu, Zawadi, mwenye umri wa miaka 15.

Kisa chenyewe ni hiki. Majuma mawili yaliyopita shule yake ilishindana na shule jirani katika mashindano ya maarifa ya jumla. Ukumbi ulifurika. Hadi swali la mwisho pande zote mbili zilikuwa sawa kwa alama. Mwalimu akainua kadi, akasoma: jina la mchezo wa Jenga limetoka katika lugha gani? Zawadi alikuwa wa kwanza kugonga kengele. Akajibu bila kusita, "Kiswahili." Mwalimu akaitazama kadi yake, akatikisa kichwa. Jibu lililoandikwa pale lilikuwa Kijapani. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na wale jirani wakaondoka na kombe pamoja na vitabu vya zawadi.

Jumamosi yake alikuja kwangu Nairobi. Akaniamkia shikamoo kwa sauti ya chini, akaketi jikoni na kunitazama nikisukuma chapati. Nilipokwisha kuipata habari yote nilimwambia, "Pole, mama. Hata mimi sikuzote nimejua kuwa ni Kijapani."

Hakunijibu. Alifungua mkoba wake, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Mwalimu wao ana tabia nzuri ya kukata kurasa za gazeti na kuzihifadhi, na maswali yale aliyatoa huko. Nikakitambua kipande kile kabla sijakishika, kwa maana kulikuwa na picha yangu juu yake, ile ya nywele za kusuka.

"Shangazi," akasema, "soma mstari wa tatu."

Nikasoma. Miaka mitatu iliyopita, katika ukurasa huu huu, nilikuwa nimeandika kwamba Jenga ni neno la Kijapani. Sikumbuki nililitoa wapi. Nadhani nililiona sanduku dukani, nikaona vipande vya mbao vilivyopangwa nadhifu, nikakumbuka karaoke na Nintendo, basi nikajiamini. Chapati iliyokuwa jikoni iliungua.

Mnara wa Takoradi

Ukweli ni huu, na safari hii nimeuhakiki. Mchezo wa Jenga ulibuniwa na Mwingereza, Bi. Leslie Scott, ambaye alizaliwa na kulelewa Afrika Mashariki na kuzungumza Kiswahili tangu utotoni. Baadaye wazazi wake walihamia Ghana. Huko, katika miaka ya 1970, familia yao ilikuwa ikicheza kwa vipande vya mbao vilivyotoka katika kiwanda cha kupasua mbao mjini Takoradi. Walivipanga vikawa mnara, kisha kila mmoja kwa zamu yake akachomoa kipande cha chini na kukiweka juu, mpaka mnara uanguke.

Bi. Scott aliporudi Uingereza aliona kwamba kila mgeni aliyecheza mchezo ule hakutaka kuuacha. Akauundia kampuni na kuuzindua katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London mwaka 1983. Jina lake akalitoa katika kitenzi cha Kiswahili, kujenga. Jenga! Ni amri ile ile fundi anayompa kijana wake.

Mwanzoni mauzo yalikuwa haba na mwenyewe alilemewa na madeni. Kampuni kubwa ya Marekani, Hasbro, ilipotaka kuuchukua mchezo huo katika miaka hiyo ya 1980, ilitaka jina libadilishwe, kwa kuwa kwa Mmarekani halikuwa na maana yoyote. Mama huyo akakataa katakata. Laiti angekubali, leo ungekuwa na jina jingine la Kiingereza na Zawadi asingekuwa na la kujibu.

Sanduku moja lina vipande 54, vitatu kwa kila ghorofa, hivyo mnara huanza na ghorofa 18. Kila kipande urefu wake ni sawa na upana wa vipande vitatu vikiwekwa pamoja. Ndiyo maana fundi seremala yeyote wa Gikomba anaweza kukutengenezea seti nzima kwa mabaki ya mbao. Mwambie tu azipige msasa vizuri.

Wasafiri wengine

Aibu ile ilinifanya nikae macho usiku huo nikiwaza: ni maneno mangapi mengine ya Kiswahili yaliyotoroka nyumbani yakapata kazi ng'ambo bila sisi kujua? Nikaanza kuyaandika nyuma ya bili ya stima.

La kwanza ni safari. Wazungu walilipata kwa wingi kupitia maandishi ya msafiri Richard Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860. Sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu, kwa hiyo tusijivune kupita kiasi. Kwetu safari ni kwenda Kisumu kumwona nyanya. Kwa wageni lilibadilika likawa kwenda kuwatazama, au kuwapiga risasi, wanyama. Aliyelitangaza zaidi ni rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, aliyeshukia Mombasa mwezi wa Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Baba na mwana kwa bunduki zao waliwaua wanyama 512. Wengi wao walipelekwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Halafu neno hilo likaingia katika magari. Mwaka 1953 yalifanyika mashindano ya magari ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Wazee mtakumbuka mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliposhinda kwa Volvo ambayo wengine walikuwa wamekwisha kuitumia. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976. Na mwaka 2003 kampuni ya Apple ikatoa programu ya kufungulia kurasa za intaneti, nayo ikaiita Safari. Kwa hiyo, kijana wa chuo kikuu, kila unapoifungua simu ile ya bei ghali uliyoazima kwa rafiki, unabonyeza neno la nyanya yako.

La pili ni uhuru. Mwaka 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa Star Trek, kuhusu chombo kinachozunguka kati ya nyota. Miongoni mwa maofisa wake alikuwamo mwanamke mweusi, jambo ambalo lilikuwa nadra sana katika televisheni ya siku zile. Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo, Nichelle Nichols, alikuwa akisoma riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru, iliyotolewa mwaka 1962 na inayohusu Kenya. Jina likapendeza, wakaibadilisha herufi ya mwisho lilainike, likawa Uhura. Baadaye akapewa na jina la kwanza: Nyota. Fikiria basi, ofisa wa chombo cha angani aitwaye Nyota Uhura, na sisi tukiitazama televisheni tunadhani ni Kilatini!

Mwenyewe Bi. Nichols alisimulia kwamba alitaka kuiacha kazi hiyo baada ya mwaka wa kwanza, lakini akakutana na Dkt. Martin Luther King, ambaye alimsihi abaki kwa kuwa watoto weusi walikuwa wakimtazama. Akabaki. Alifariki mwaka 2022.

Mwaka ule ule wa 1966, huko California, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Wamarekani weusi iitwayo Kwanzaa, ambayo huadhimishwa kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari. Jina limetoka katika usemi wa matunda ya kwanza. Swali ambalo mwalimu wa Kiswahili atauliza ni hili: mbona kuna "a" mbili mwishoni? Husimuliwa kwamba katika sherehe za mwanzo walikuwapo watoto saba waliotaka kila mmoja ashike herufi moja, nalo neno "kwanza" lina herufi sita tu. Wakaongeza moja. Kila siku ina nguzo yake: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Na vitu wanavyopewa watoto siku hizo huitwa zawadi. Nilimwambia hivyo mpwa wangu nikidhani atacheka. Alinitazama tu.

Mdogo wake, ambaye hushinda mbele ya kompyuta, ndiye aliyenipa mfano ambao sikuwa nao. Mwaka 2005 mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV ulitoka ukiwa na wimbo wa kufungulia wenye jina Baba Yetu. Maneno yake ni sala ya Bwana, kwa Kiswahili kitupu. Mtunzi wa muziki wake, Christopher Tin, ni Mmarekani mwenye asili ya Kichina. Mwezi wa Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukawa muziki wa kwanza uliotungiwa mchezo wa kompyuta kuipata tuzo hiyo. Sala ile ile tunayoikariri kwa pupa tukiwahi chakula.

Simba na suruali

Hapa ndipo mambo yanapoanza kuwa na ladha ya pilipili.

Filamu ya The Lion King ya kampuni ya Disney ilitoka mwaka 1994. Watengenezaji wake walikuja Kenya kutazama mandhari, na majabali ya Hell's Gate kule Naivasha yaliwavutia sana. Majina waliyoyachagua kila mtoto wetu anayajua: Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, Shenzi yule fisi ametokana na mshenzi, na Pumbaa ni kitenzi ambacho mwalimu hukitumia darasani saa nane mchana. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo tunayoyaona mbele ya barabara wakati wa jua kali. Ule wito unaofungua filamu, ambao watalii wengi hudhani ni Kiswahili, ni Kizulu.

Na wimbo uliotia fora ulikuwa Hakuna Matata. Usemi huo ulikuwa umekwisha kuzunguka dunia kabla ya hapo. Bendi ya Them Mushrooms, vijana wa pwani, waliutia katika wimbo wao wa Jambo Bwana mwaka 1982, nao Boney M. wakatoa wao mwaka 1983. Lakini ni Disney iliyokwenda katika ofisi za serikali ya Marekani na kuomba usajili wa maneno hayo mawili kuwa alama ya biashara. Ombi lilitolewa mwaka ule ule wa filamu, na usajili ukakamilika mwaka 2003.

Kwa miaka 15 hakuna aliyejali. Kisha mwishoni mwa mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe, Shelton Mpala, alianzisha ombi la umma la kuitaka Disney iache alama hiyo, na kwa siku chache tu watu zaidi ya 50,000 wakatia saini. Wakati huo Lion King mpya ilikuwa njiani. Disney ilijibu kwamba usajili wake haujapata kumzuia mtu yeyote kuutumia usemi huo.

Nani alikuwa na haki? Nitasema ninavyoona, nanyi mtaniandikia. Kisheria, kusajili alama ya biashara si kulinunua neno. Bidhaa na huduma zimegawanywa katika makundi 45, na mwenye alama hulindwa katika yale aliyoandikisha tu. Disney iliandikisha katika nguo. Ni kama Apple ya kompyuta: haiwezi kumzuia mama wa soko la Wakulima kuliita tufaha lake kwa jina hilo la Kiingereza. Hakuna askari atakayemkamata mpiga ngoma wa hoteli ya Diani kwa kuimba. Kwa hiyo wale waliosema tumeibiwa lugha walizidisha chumvi.

Lakini wale waliosema hakuna neno, nao walikuwa wanapumbaa. Kijana wa Kikambala anayeshona fulana zenye usemi huo na kutaka kuziuza Marekani atamwuliza nani ruhusa? Huo ni mfuko wa mtu.

Ikiwa unadhani natia chumvi, kumbuka kikoi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe huko neno hilo, kwa herufi "y" mwishoni, liwe alama yake ya biashara. Kikoi, msomaji! Vazi ambalo mzee wa Lamu hujifunga akienda msikitini na ambalo wafumaji wetu hulifuma kwa mitambo ya mkono! Ombi lile lingepita, mfanyabiashara wa Kenya mwenye vikoi halisi angejikuta hana ruhusa ya kuviita vikoi katika maduka ya London. Angeviita nini, mataulo marefu?

Wauzaji wa Kenya walishtuka, magazeti yakapiga kelele, na shirika la Traidcraft la Uingereza, lililokuwa likipigania biashara ya haki, likasaidia kupata mawakili wa kuweka pingamizi. Ilipofika mwaka 2008 ombi lilikuwa limeanguka. Tofauti kati ya kesi hii na ile ya Disney ni kwamba hapa watu waliamka mapema, kabla muhuri haujagongwa.

Wimbo wa Malaika sitaugusa sana leo, kwa maana utahitaji ukurasa wake. Fadhili William, mwana wa Taita, aliurekodi na Jambo Boys mwaka 1960. Miriam Makeba akauimba, Boney M. wakautoa mwaka 1981, Angélique Kidjo akauimba vilevile. Lakini nani aliutunga? Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanzania, na ubishi huo umewapita wengi waliouanza.

Yanayokuja kwetu

Tuwe wa haki: nasi twachukua. Ukisikia kijana wa kupiga viatu rangi pale Barabara ya Moi akisema "nipake kiwi?", ajue kwamba kiwi ni ndege wa New Zealand asiyeweza kuruka. Rangi hiyo ilitengenezwa na William Ramsay mjini Melbourne, Australia, mwaka 1906, na jina alilitoa kwa heshima ya nchi ya mkewe. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba haitauzwa tena Uingereza, kwa kuwa watu huko siku hizi huvaa zaidi viatu visivyohitaji kung'arishwa. Kwetu bado mwanafunzi hapiti langoni bila kumulikwa miguu.

Na Vaseline, ambayo kila mama wa Nairobi hulitumia jina hilo hata kama mkebe ni wa kampuni nyingine, ilibuniwa na Robert Chesebrough wa Marekani, aliyeipata katika mabaki ya visima vya mafuta na kuiandikisha mwaka 1872. Mzee huyo alisema alikuwa akila kijiko cha Vaseline kila siku. Alikufa akiwa na miaka 96. Watoto, msijaribu.

Barua kwa mwalimu

Jumatatu nilimpa Zawadi barua ya kumpelekea mwalimu wao. Niliandika kwamba kosa ni langu, si la mwalimu wala la kadi, nikaambatisha nakala ya ukurasa wa kamusi wenye kitenzi "jenga". Nilimwandikia pia mwalimu wa shule ile jirani.

Majibu yamekuja. Kombe halitarudishwa, kwani matokeo yalikwisha kutangazwa, na kwa kweli watoto wa upande wa pili hawakufanya hila yoyote. Lakini Ijumaa iliyopita, katika mkutano wa asubuhi, mwalimu alimwita Zawadi mbele, akasoma barua yangu yote kwa sauti, pamoja na ile sehemu ya chapati. Zawadi anasema walicheka tena ukumbi mzima, ila safari hii si yeye aliyechekwa.

Amenisamehe nusu. Nusu iliyobaki ameiwekea sharti: kila Alhamisi, kabla sijapeleka ukurasa huu kwa mhariri, ausome yeye kwanza akiwa na kalamu nyekundu. Ukurasa unaousoma sasa aliuchora mara sita. Alifuta mistari miwili ambayo sikuweza kumwonyesha nilikoitoa.

Maswali ya juma hili ni mawili tu. La kwanza: neno "pesa", lililomo ndani ya jina la M-Pesa tangu mwaka 2007, tulilipata kutoka pande gani za dunia? La pili: programu ya Ushahidi, ambayo imetumika katika nchi nyingi, ilibuniwa Kenya mwaka 2008 kwa sababu ya tukio gani?

Majibu yatatoka Jumapili ijayo. Yako kwa Zawadi.